Herufi Tatu za Bosi

Kijiwe chetu kiko Buruburu, nyuma ya kioski cha magazeti, na kina benchi moja ambayo mguu wake wa nne ni tofali. Ikifika saa kumi na moja jioni, wanaume waliochoka kwa kutofanya kazi huja hapo kupumzika. Yuko Brifkesi, jina lake halisi Makau, karani wa masjala katika ofisi moja ya mjini; brifkesi yake hubeba gazeti la jana na ndizi. Yuko Waya, yaani Irungu, fundi wa redio, ambaye redio zikifika kwake hunyamaza. Yuko Hakimu, ndiye mzee Twalib, aliyeendesha gari la jaji miaka kumi na sita akadhani sheria huingia mwilini kupitia usukani. Mzee Haidari hutuuzia kahawa na kutusikiliza, na sijui lipi humchosha zaidi. Alhamisi hiyo ya mwaka themanini na saba, Brifkesi alikuja na habari.

— Yule msichana wa kuchapa, Nthoki, tumemrudisha nyumbani tangu juzi, akasema. Kompyuta imekula barua mia mbili. Nimempatia barua ajieleze kabla ya Jumatatu. Akishindwa, kazi kwisha.

— Imekulaje? nikauliza.

— Jumatatu iliyopita asubuhi bosi anataka barua. Anawasha mashini, orodha iko tupu. Na nani hushinda kwa hiyo mashini? Si ni yeye?

Waya akacheka kwa pua.

— Hiyo ni stima, buda. Ikipotea halafu irudi na nguvu, chuma inabaki, maneno inachomeka. Hata redio ya Mama Mbeti ilipoteza taarabu hivyo tu, ikabaki na habari.

— Ilipotezea kwako, akasema Haidari.

— Wapi, akasema Hakimu. Hiyo mashine imegoma. Imezoea majina ya Kizungu, sasa inaandikiwa Mutisya na Ochieng' kutwa nzima. Samaki mkunje angali mbichi. Jaji wangu angeifunga siku saba.

Methali hiyo ni ya kulea watoto. Hakuna aliyejisumbua kumwambia.

— Ama ameziuza, Waya akaongeza. Barua zimepitia waya ya simu, zikaenda Ulaya. Wazungu saa hii wanajua ofisi yenu kuliko wewe.

— Nyinyi msinifundishe kompyuta, akasema Brifkesi. Mimi nimeenda kozi siku tatu, niko na cheti. Huko ndani kila faili iko na jina, halafu nukta, halafu herufi tatu za mwisho, kama mkia. Huyo msichana aliacha barua zote na mkia mmoja: DOC, DOC, DOC. Haina maana. Nimekaa masjala miaka ishirini na mbili, na faili bila herufi za mkubwa anayeishika ni yatima. Sasa Ijumaa, yeye ashaenda, nikakaa chini. Amri moja tu, zote zikabeba herufi za bosi. Kazi safi. Halafu mtu anakuja kuniharibia.

Tulitikisa vichwa kwa huruma. Mimi pia nilitikisa changu, na nimesoma hadi kidato cha nne.

— Mwenye kovu usidhani kapoa, akasema Hakimu, na hakuna aliyejua alimaanisha nini, yeye akiwemo.

— Rudia hapo kwa Ijumaa, sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Nthoki mwenyewe, ameshika ile barua ya kujieleza. Alikuwa ametoka mtaa wa Huruma kuja kumwomba Brifkesi amtetee kwa bosi. Kumwomba yeye, kati ya watu wote wa Nairobi.

— Habari ya jioni, wazee. Bwana Makau, Ijumaa nikitoka saa kumi, barua zilikuwa zinaonekana?

— Zilikuwa zinaonekana.

— Ukabadilisha mikia saa ngapi?

— Kumi na nusu hivi. Lakini hiyo ni kupanga tu.

— Na Jumatatu bosi akiwasha mashini, mimi nilikuwa nimefika?

Brifkesi akafungua brifkesi yake, akaiangalia ndizi, akaifunga.

— Mashini haijui mkubwa, Nthoki akasema. Inaangalia mkia ijue hii ni barua, ile ni hesabu. Programu ya barua huorodhesha zile ziko na mkia wake peke yake. Ukaweka herufi za bosi, ikazipita. Hakuna kitu imeliwa. Ziko humo zote, zirudishie mkia wake utaziona.

— Ndiyo hiyo nilitaka kusema, akasema Waya.

Nthoki akaikunjua barua, akaiweka juu ya brifkesi.

— Mliniambia nijieleze, nimejieleza. Sasa Jumatatu, nani ataenda kumwambia bosi? Mimi ama wewe?

Hakimu akageukia barabarani, kana kwamba jaji anamwita. Waya akaona kitu kwenye kiatu chake. Mimi ninayewacheka wote nikatazama chini ya kikombe changu. Niliona haya, na haya yangu hayakumsaidia Nthoki chochote.

Haidari akamimina kikombe, akampa Nthoki. Brifkesi naye akanyoosha chake. Dele la kahawa lilikuwa bado zito mkononi mwa mzee, sote tuliliona.

— Imeisha, akasema Haidari.