Watoto Sita na Kidole cha Mguu

Ndugu zangu wa kanisa hili la Kabiro, nanyi mliotoka Soweto West kule Kibera, nimesimama hapa kwa miguu yangu miwili. Hiyo peke yake ni sababu ya kumsifu Bwana.

Mnanijua kama Mama Faith. Nilizaliwa Soweto West, nikauza mandazi, nikajisomesha mpaka diploma ya upishi. Nimepika Doha, nikarudi kufungua hoteli yangu hapa Kawangware, na hakuna aliyenishika mkono. Tena nimezaa watoto sita, wote wazima. Kama yuko mwingine wa hivyo hapa, asimame.

Kiu ilinianza polepole. Nilikunywa maji kama ng'ombe, nikachoka bila kazi, macho yakaingia ukungu. Nikasema ni joto la Doha limebaki mwilini. Kisha kiatu changu cha Doha kikanichuna kidole cha mguu. Kidonda kidogo, lakini kilikataa kupona, kikaanza kunuka.

Mume wangu akasema, "Umekiringia hicho kiatu, sasa ni zamu yake. Twende hospitali."

Daktari alinichoma kidole cha mkono akapima damu, akaniambia nina ugonjwa wa sukari, na kile cha mguu kisipopona kitakatwa. Akauliza nimezaa mara ngapi. Nikajibu kwa sauti, foleni nzima isikie: sita. Nilingoja pongezi. Akasema, "Basi ulipaswa kupimwa mapema. Kuzaa mara nyingi kunaweza kuongeza hatari."

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa, na mpaka leo sijatoka huko. Watoto ni baraka. Kanisa hili liliniombea niwapate. Baraka inaletaje ugonjwa? Dada yangu amezaa wanane na hana shida. Jirani yangu ana mmoja tu, na anajidunga sindano kila siku. Daktari akasema si kila anayezaa sana huugua, ila kila mimba huupa mwili kazi ngumu ya kudhibiti sukari, na mwili mwingine huchoka. Nikamuuliza: au ni unene niliobaki nao kila uzazi? Au ule uji mtamu tunaonyweshwa ili maziwa yashuke? Akasema huenda vyote vimechangia. Mtu wa diploma anataka jibu moja. Sikupewa.

Nikamwambia Mungu, "Sielewi, lakini niachie mguu." Nikameza dawa, kidonda kikasafishwa, nikaacha vitamu.

Nanyi akina mama mkaja kuniona. Mliimba vizuri, kisha mkaweka mezani yale tunayobeba siku zote: sukari, mkate na soda. Mama Otieno, kiongozi wetu, akanimiminia glasi. "Kunywa upate nguvu."

Nikamwambia, "Mama Otieno, unataka nipone ama unataka hoteli yangu?"

Tukacheka sana. Soda akainywa yeye.

Kidonda kilifunga. Kidole ninacho. Ugonjwa pia ninao, na dawa nameza kila siku, sitawadanganya. Lakini Bwana ameniachia mguu, nami namshukuru kwa mguu huo kabla sijapata maelezo.

Jumamosi tunaenda kumwona Akinyi, aliyejifungua mtoto wa tano. Ninyi bebeni mnachotaka. Mimi nitabeba samaki wa omena na mboga ya sukuma wiki, na akishapata nguvu mimi mwenyewe nitampeleka kupimwa sukari. Dada yeyote aliyezaa, mara moja au mara kumi, tufuatane. Huhitaji kuelewa kwanza. Mwamini Bwana, kisha unyooshe kidole wakuchome.