Godoro Nililorudi Nalo Nyambureti

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu, nimefurahi kuziona sura zenu. Nimesimama kushukuru kwa sherehe hii mliyoniandalia, lakini kwanza niwatoe wasiwasi. Jana mchana mliniona nikishuka kwenye bodaboda na godoro, na minong'ono yenu imenifikia. Subirini, nitafika kwenye godoro.

Ndugu zangu, mnajua nilikwenda kusomea uhandisi wa nano. Mtaachaje kujua, na baba alitangaza kwenye kila mnada wa ng'ombe mpaka Mbalibali: "Binti yangu anatengeneza vitu visivyoonekana kwa macho!" Kuna mama mmoja humu, simtaji, alikuja kumuuliza mama yangu kama masomo hayo yanaruhusiwa kanisani. Cheka tu, mama, tulishayamaliza.

Si uchawi. Chukua unywele wako mmoja, uuchane kwa urefu wake vipande maelfu. Upana wa kipande kimoja ndio ukubwa wa vitu tunavyoshughulika navyo. Mkaa ule ule wa jikoni, ukiuandaa kwa udogo huo, unafanya kazi usiyoitegemea. Mimi nilipewa nitengeneze unga wa mkaa wa magunzi ya mahindi, wenye vitundu vidogo mno, unase zebaki iliyo kwenye maji. Niliomba kazi hiyo mwenyewe. Wengi wetu tumekua tukichota maji mtoni, chini ya pale wanapooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki, na zebaki ni sumu.

Unga ukagoma. Nikapima, zebaki inapita. Nikachoma magunzi mengine, nikasaga upya, inapita vile vile. Mwalimu wangu akaniambia kwa upole kwamba muhula unaofuata ndio wa mwisho, na bila matokeo hakuna shahada. Nawaambia ukweli, nilifika mahali naona aibu kuufungua mlango wa maabara. Siku moja nikafungasha kila kilicho changu, hata godoro nililolalia chuoni, nikaja huku Nyambureti. Kwa baba sikuweza kwenda, ningeanzia wapi? Nikaenda kwa bibi, huyu hapa benchi la mbele, nikamwambia nimepewa likizo.

Akaniangalia. Akaliangalia godoro. "Karibu, mjukuu wangu," akasema, basi.

Wiki mbili nikawa napalilia ulezi na kuchunga ndama. Kitabu sikukigusa. Asubuhi moja bibi akanituma nimwandalie kibuyu cha maziwa. Mnajua inavyofanywa: unachoma kijiti mpaka kiwe kaa, unasugua nacho ndani ya kibuyu ili maziwa yagande vizuri na kunukia. Nikachoma, nikasugua, nikampelekea zizini alikokuwa akikamua, nikijiona mtu. Akachungulia, akakirudisha mikononi mwangu.

"Umeacha majivu."

"Si safi, bibi? Si ndiyo tunayosugulia masufuria?"

"Sufuria unasugua, kisha unasuuza! Kibuyu kina vitundu huko ndani. Majivu yakishavijaza, mkaa utakaa wapi? Suuza, uanze upya. Mhandisi gani wewe?"

Nikakaa chini palepale zizini. Ndugu zangu, kitabu kilisema unga ule uoshwe majivu yote yatoke, na mimi sikuwa nimeuosha. Kwa makusudi! Nilijiambia, waandishi hawa hawajui majivu. Kwetu majivu ni sabuni, yanahifadhi hata maharage yasiliwe na wadudu, yatamdhuru nani? Mwalimu hakuwahi kuniuliza kuhusu majivu, na mimi sikuwahi kumwambia, maana sikuona cha kuambia. Vile vitundu nilivyovitafuta muhula mzima nilikuwa nimeviziba mwenyewe.

Nikaanza kulia. "Bibi, nimekudanganya. Siko likizo. Nimekimbia."

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nani huja likizo na godoro lake?"

Akaleta kamba ya katani, akalikunja, akaliwekea goti na kulifunga mwenyewe, na umri wote ule. "Rudi shule. Na hili nisilione tena hapa."

Nikarudi, nikauosha ule unga. Sitawaongopea kwamba ulifanya kazi siku hiyo hiyo. Ulinitesa karibu muhula wote. Lakini zebaki ilinaswa, na shahada nikapata. Sasa nimeajiriwa kwenye maabara ya kupima maji, na mchujio wa kufaa mto wetu bado tunaujaribu. Kwa hiyo endeleeni kuchota kisimani, nawaomba, msije mkasema binti wa fulani alituruhusu maji ya mto.

Namshukuru mwalimu wangu, aliyenipokea bila kunisimanga. Mama yangu, asante kwa kuniombea. Baba, nilipokueleza yote ulisema "Kumbe!" halafu ukaenda mnadani kutangaza na hayo. Nakupenda, baba. Nanyi vijana mnaotaka kusoma haya mambo, njooni tuongee, nafasi zipo na sisi tuko wachache. Mkikwama, njooni nyumbani, hakuna aibu. Ila semeni ukweli siku ya kwanza. Na kile mnachokiona hakihitaji kuulizwa, kiulizeni hicho kabla ya vyote.

Sasa, godoro. Wiki zile mbili nililiona la bibi: limekuwa jembamba kama chapati, na hajawahi kulalamika. Bibi, najua ulinikataza. Lakini hili la jana ni jipya, ni lako, na mimi Jumatano naondoka, kazini wananingoja. Safari hii, bibi yangu, nimekuja likizo kweli.