Isale Tuliyoipeleka Sanya Juu

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Aminieli, funga dirisha hilo. Ukungu wa Machame hauna huruma kwa mtu mwenye moyo mbovu. Filemon, kaa hapa nikuone usoni. Na wewe Elisaria, kaa upande huu wa kitanda, alikokuwa akilala mama yenu. Nimewaita wote watatu pamoja ili nikishaondoka asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba baba alisema hivi, baba alisema vile. Anayetaka kunipinga na asubiri nimalize, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kubishana.

Nianze na mali, najua masikio hayatatulia kabla ya hapo. Kihamba hiki cha ukoo, nyumba, migomba na kaburi la mama yenu ni vya Aminieli, kwa kuwa kitindamimba ndiye anayebaki na wazazi, nasi tumeishi kwa mila hiyo. Asikate hata kipande akauza, maana aliyelala pale hana pa kuhamia. Shamba la tambarare, lile la mahindi, ni la Filemon. Kiwanda cha kukaanga kahawa pale Majengo, ambacho mama yenu aliniachia, pamoja na mtambo, jina na wateja wake, ni cha Elisaria, na kuanzia saa hii, nikiwa na akili zangu timamu, yeye ndiye msimamizi wake. Filemon, usinune. Usimamizi niliokukabidhi tulipomzika mama yenu sikukunyang'anya kwa kumpenda dada yako kuliko wewe, wala kwa hasira. Ni aibu iliyonifikisha hapa, nayo nitaieleza.

Mnajua kwamba chaki ndiyo iliyowasomesha. Miaka yote niliyofundisha sheria ya biashara chuoni, kule Moshi, wanafunzi wangu walikuwa vijana waliotaka kuwa wahasibu na wenye maduka, waliodhani sheria ni kazi ya mawakili, na somo langu la kwanza halikubadilika. Niliwaambia: tajiri akimzaba karani wake kofi dukani, kofi ni moja lakini wadai ni zaidi ya mmoja. Jamhuri inamdai, kwa kuwa kupiga mtu ni jinai, na karani akisamehe, Jamhuri bado haijasamehe. Karani naye ana madai yake, fidia ya maumivu na ya kudhalilishwa. Tajiri akimfukuza bila kumsikiliza, ameingia kwenye sheria ya ajira. Na kama sababu yenyewe ni kabila la karani, au dini yake, au kwamba ni mwanamke, huo ni ubaguzi, na mzigo wa kujieleza unamwelemea yeye mwenye duka. Mwaka mmoja kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo ni nafuu nimfuate nyumbani kwake nikampige teke huko?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia, "Hapo utaongeza na kosa la kuingia kwa watu kwa jinai, mangi wangu." Tulicheka sana siku hiyo. Mganga hajigangi, wanangu. Ningejua kofi lenyewe litatoka nyumbani kwangu nisingecheka.

Gladness mnamjua. Mama yenu ndiye aliyemfundisha kusikiliza kahawa inavyopasuka ndani ya mtambo na kuitoa kabla haijaungua, na mama alipolala kitandani hapa asiweze tena kuteremka mjini, Gladness ndiye aliyeshika kazi hadi tulipozika. Mwaka huu akapata mimba. Filemon, ulikuja ukakaa kwenye kiti hicho ulichokalia, ukaniambia, "Baba, huyu akienda likizo ya uzazi namlipa bure, na nani atakaanga?" Nikakwambia sheria haikupi nafasi ya kuchagua. Ukaondoka, nami nikadhani umekubali. Haikupita wiki gunia la kahawa likasemekana limepotea, na mwizi, ulisema, ni Gladness. Ukaenda polisi ukaandikisha maelezo. Akalala mahabusu na tumbo lake, kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na aliporudi kazini akakuta kufuli jipya. Hakuna aliyemwita akamuuliza. Gunia hilo, mwanangu, wewe mwenyewe ndiye uliyelipakia kwenye gari la mteja wa Holili. Uliniambia kwa kinywa chako, ukitazama sakafu kama unavyoitazama sasa.

Mama yenu alikaanga kahawa akiwa na mimba ya Elisaria mpaka wiki aliyojifungua, wala hakuna aliyemwambia kwamba tumbo lake ni hasara. Nikikutana naye ataniuliza habari za kiwanda kabla ya kuniuliza habari zangu, namfahamu.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Basi nikasema twende tukaombe radhi, na tukaenda kama wazee wetu walivyokwenda. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo, Elisaria akabeba mbege, pombe yetu ya ndizi, tukapanda gari mpaka Sanya Juu kwa mama yake Gladness. Mnajua uzito wa jani hilo. Mtu akikujia nalo, hata kama damu ilimwagika kati yenu, humkatai, na ukimkataa, ubaya unahamia kwako. Yule mama alilitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Shikamoo mwalimu. Jani tumeliona. Mbuzi umemwacha darasani anasoma?" Watu wakacheka, kwa kuwa isale hufuatana na mbuzi, nami nikacheka kwa kuona nafuu, maana mtu anayekutania hajakufungia mlango. Nikamjibu, "Marahaba, mama. Akifaulu mtihani nitamleta." Gladness hakucheka. Alilipokea jani kwa mikono miwili, akaniambia, "Baba, isale haikataliwi. Lakini nilishapanga kwenda Tume Jumatatu, kupeleka malalamiko yangu." Nami nikamwambia, na Elisaria ulisikia: "Usihangaike na mji na hali hiyo, mwanangu. Jambo hili limeshakuwa letu la nyumbani."

Maneno hayo ndiyo yananikosesha usingizi kuliko maradhi. Nilipoyasema sikuwa na hila. Lakini mimi niliyewaandikia wanafunzi ubaoni, mwaka baada ya mwaka, kwamba aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku thelathini za kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na zikipita ataanza kuomba alichokuwa nacho bure, nilikaa kwenye kigoda cha watu, nikanywa mbege tuliyoibeba wenyewe, na sikumwambia. Fundo lile lilinifanya nijione nimemaliza, kama mtu anayetubu kanisani akarudi nyumbani kulala, ilhali kuku aliyemwibia jirani yungali bandani kwake. Nikamwambia Filemon amrudishe kazini. "Nalifanyia kazi, baba," ukasema. Nikaamini, kwa kuwa kuamini kulinipunguzia safari ya pili.

Halafu Jumapili, nikiwa hapa kitandani, nikakusikia barazani ukizungumza na wakili kwenye simu. Ulidhani nimelala. Ulisema, "Huyo keshachelewa, mwanasheria. Isale imekula siku zake zote." Ukacheka. Nilitaka kukuita, sauti ikakataa, nikabaki naitazama dari ya nyumba niliyoijenga kwa kuwafundisha watoto wa wenzangu haki.

Filemon, sikutukani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililea wengine mchana, wewe nikakuachia jioni, nikiwa nimechoka. Lakini sikia tofauti ambayo hukuwahi kukaa darasani kwangu ukaisikia. Isale inaondoa kinyongo moyoni mwa mtu. Haiondoi haki yake mkononi. Gladness alipoipokea alitusamehe hasira aliyokuwa nayo, hakutuuzia mshahara wake, wala jina lake, wala kazi yake. Na kwa lile la polisi, hata yeye hawezi kukufutia, mimi pia siwezi, kwa kuwa kutoa taarifa ya uongo ni jinai na mwenye kesi ni Jamhuri. Utakwenda mwenyewe kituoni, ueleze gunia lilikwenda wapi. Usingoje kufuatwa. Naogopa litakalokupata, mwanangu, sikufichi. Naogopa zaidi uzee utakaoupata kama hutakwenda. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, na kila siku inayopita ng'ombe anaongezeka.

Sasa, Alhamisi hii Gladness ataitwa mbele ya Tume kuomba aongezewe muda. Ataulizwa kwa nini alichelewa. Ana sababu moja tu, na sababu hiyo ni mimi. Atasema mzee alikuja na isale akamwambia asiende mjini, na wewe Filemon umekubaliana na wakili mseme kwamba nilikwenda kumjulia hali tu. Mkisema hivyo atashindwa. Hana karatasi, hana picha. Ana jani lililokauka, na majani yanayofanana nalo yamezunguka kila kihamba mlimani. Ataambiwa ni mwongo kwa sababu aliheshimu mila ya baba zake, na aliyemdanganya atakuwa mwalimu wa sheria.

Kwa hiyo nasema, na Aminieli ushike maneno haya. Wakili aambiwe leo kwamba mwenye kiwanda hapingi ombi la muda. Elisaria, utakwenda wewe, utasimama, utasema ulichokiona na ulichokisikia, neno kwa neno, pamoja na lile la kwamba jambo ni la nyumbani, usinilinde. Watakuuliza baba yako ni mtu gani. Sema ni mtu aliyejua. Kesi yenyewe ikifunguliwa, msiseme aliiba, msiseme kazi ilipungua. Semeni aliachishwa kwa sababu ya mimba, kisha mpokee mtakachoamuliwa, hata kama mtambo utauzwa. Dawa ya deni ni kulipa, na urithi wenye jasho la mtu ndani yake haupoi mkononi. Mbuzi apelekwe Sanya Juu baadaye, uamuzi ukishatoka, asije akaonekana hongo.

Ngojeni. Ngojeni kifua kitulie.

Kuna moja bado. Daktari hakuniambia siku, nami sikumuuliza, lakini mwili wangu naujua. Huenda Alhamisi isinikute. Na najua desturi yetu: mzee akifa, kila kitu husimama, wakili ataomba shauri liahirishwe kwa msiba, atakubaliwa, na Gladness, kwa kuwa amelelewa vizuri, atakuja hapa na mimba yake kukaa na nyinyi, kupika na kulia, na tena siku zake zitaliwa na mimi. Sitaki. Nikifa Jumatano niacheni chumba cha maiti. Niacheni huko, kuna baridi, sitaharibika. Alhamisi asubuhi muoge, mvae nguo za kanisani, mteremke Moshi wote watatu. Watu wa ukoo wakiuliza mnakwenda wapi na baba hajazikwa, waambieni baba ndiye aliyewatuma. Mtanizika Ijumaa, pembeni ya mama yenu, bila hotuba ya mtu wa chuo.

Inamisheni vichwa. Mkono hauinuki, Elisaria, niinulie... hapo. Mungu aliyewapa mama yule asiwanyime macho yake. Awape chakula kisicho na mwenyewe anayelia. Awape usingizi. Aminieli, upate mji wako. Elisaria, upate watu watakaofanya kazi kwako bila kuogopa miguu yako ikija. Filemon... Filemon, sogea. Wewe nakubariki kwanza, ukiwa bado hujakwenda kituoni, ili usiseme nilikununua. Umebarikiwa. Sasa nenda.

Usinijibu mimi. Alhamisi... mjibu Gladness.