Majilio Yalinikuta Nimefunga Mlango

Ndugu zangu, niruhusuni nizungumze nikiwa nimeketi. Si dharau. Mgongo wangu siku hizi haunisikilizi. Mwenyekiti wetu wa jumuiya ameniomba ushuhuda huu mara tatu, na mara zote nimemwambia, "Nitasema Jumapili ijayo." Leo amenijibu, "Fundi, Majilio yanaisha, Krismasi hiyo inaingia, Jumapili nyingine hatuna." Basi nitasema. Nikinyamaza katikati, mnivumilie.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi cherehani, pale Kisugu. Tulitoka Kenya mimi na mke wangu, upande wa Busia, tukiwa bado vijana, tukaja kutafuta maisha Kampala, na Kampala ikatuweka. Mimi nilishona sare za shule. Mke wangu aliamka mapema kwenda ziwani Ggaba kuchukua samaki, akawakaanga na kuwauza kando ya barabara. Baadhi yenu mlikula samaki wake, msijifanye hamkumbuki. Na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo hapa. Alipenda kuongea, jamani! Mimi nilikuwa nikisema nyumba yangu ina redio mbili, moja niliinunua na moja niliioa.

Asubuhi moja alikuwa amekaa uani akiparua magamba. Nikasikia kisu kimeanguka. Nikamwita, hakuitika. Nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umeenda upande, ananitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Kiharusi. Tulilala hospitali wiki tatu. Tuliporudi nyumbani, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na maneno yameondoka yote. Kilichobaki ni "eeh." Akitaka maji, eeh. Akiumwa, eeh. Akinikasirikia, eeh.

Binti yetu alikuja kutoka Kenya, akakaa mwezi mmoja, akarudi kwa watoto wake. Simlaumu, ni wadogo. Nikabaki mimi. Kumwosha, kumlisha uji, kumbadilisha nguo, kumgeuza ili mgongo usitoke vidonda, kisha kukimbilia cherehani, kisha kurudi kumgeuza tena. Nyinyi mlikuja sana mwanzoni. Baadaye mlipungua, na nitasema ukweli, niliwapunguza mimi. Mlipopiga simu nilisema amelala. Niliona haya. Nyumba ilinuka, na mke wangu mnayemjua, yule mwenye kilemba kilichopigwa pasi, alikuwa akidondokwa na mate.

Nikaacha sala za jioni. Kisha nikaacha Jumapili. Sikumkana Mungu, hapana. Nilimchoka tu, kama unavyomchoka jirani unayemsalimu kila siku naye haitikii. Siku moja unapita kimya.

Hapa ndipo pagumu, ndugu zangu.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio mwaka jana. Nilikuwa na mashati meupe ya shule moja, nimeyakunja vizuri juu ya kitanda kwa sababu meza ilikuwa imejaa. Nikaanza kumlisha uji. Ule mkono mzima ukaruka, sijui kwa nini, ukakipiga kikombe. Uji wote ukamwagikia mashati. Nikamkamata mkono nikamtikisa. Nikapiga kelele. Nikamwambia, "Si bora ungekufa tu siku ile!"

Nilimwambia mke wangu maneno hayo. Na kusikia anasikia. Daktari alikwisha kunieleza kwamba anaelewa kila kitu.

Hakulia. Nilichukua kitambaa nimpanguse uji kidevuni, na nilipoinua mkono, akajifunika uso. Alijikinga. Tumeishi miaka yote hiyo, sijawahi kumpiga hata kofi, na siku ile mke wangu alijikinga nisimpige.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Jirani yangu ni mama mmoja Mwislamu, mtu mzima sana. Babu zake walikuja huku kutoka pwani na bidhaa zao, wakaoa, wakabaki. Kiswahili chake kinanifanya mimi nione aibu ya changu. Alisimama upande wake wa ua akasema, "Fundi, nimesikia."

Nikajifuta uji mikononi.

"Sikuja kukuhukumu. Wenzako wa kanisani wako wapi?"

"Nimewaambia wasije, mama."

"Kwa nini?"

"Nyumba inanuka."

"Na inuke. Mgonjwa hunuka. Wewe lini umelala, mwanangu?"

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Akafungua kigeti chake, akaingia kwangu, akachukua kiti akakaa karibu na mke wangu, akatoa tasbihi yake. Akaniambia, "Jinyooshe hapo mkekani. Mimi nipo." Ilikuwa saa nne asubuhi. Nililala mpaka adhuhuri, na nilipoamka mashati yalikuwa yamelowekwa.

Mngedhani nilibadilika hapo. Sikubadilika. Jumamosi ile ilikuwa zamu ya nyumba yangu, maana mnajua Majilio tunasali nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti akapiga simu. Nikamwambia tumesafiri. Mtu asiyeweza kufika chooni bila kubebwa, nikasema amesafiri! Mwenyekiti akasema sawa. Lakini alasiri nikasikia nyimbo zinapanda na njia yetu. Nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa chini, nikamwekea mke wangu kidole mdomoni, nyamaza. Mliita hodi mara mbili. Nikasikia mmoja wenu anasema, "Kweli hawapo, twendeni." Ndipo yule mama akapaza sauti kutoka uani kwake: "Msiondoke! Yumo ndani huyo, sukumeni mlango!"

Ndiyo, chekeni. Hata mimi sasa nacheka.

Nilifungua. Hakuna aliyeniuliza habari za safari. Dada wawili walimwendea mke wangu na beseni. Nikawaambia, "Mimi ndiye humwosha." Mmoja akanijibu, "Tunajua. Leo kaa." Wanaume wakatoa godoro juani. Wengine wakafagia. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani yangu kama mgeni. Walipomaliza, godoro lilikuwa limerudi, na mke wangu alikuwa kitandani amevaa gauni safi na kilemba, na katekista akaanza sala.

Tulipofika kwenye Baba Yetu, niliinamisha kichwa nisionekane kwamba sisemi. Tukaenda, tukaenda, na tulipofika pale pa kuomba msamaha, nikasikia sauti. Nzito, imechakaa, lakini naijua. "Utusamehe." Nikainua kichwa. Ni mke wangu. Nyote mlinyamaza, mnakumbuka? Yeye hakunyamaza. Aliendelea peke yake, neno baada ya neno, mpaka Amina, na muda wote alikuwa akinitazama mimi.

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema mbele yenu nilichomwambia. Mlikisikia wote. Nikamwomba msamaha. Akainua ule mkono mzima, nikajua atanisukuma, na ningestahili. Akanishika sikio. Akalivuta kwa nguvu, kama la mtoto mkaidi, mpaka likauma, kisha akaacha mkono wake pale pale shavuni.

Kesho yake nilimwambia, "Sema kitu." Akasema eeh. Daktari alinieleza kwamba maneno ambayo mtu amejifunza kwa moyo tangu utoto wakati mwingine hubaki hata mengine yakipotea. Sikubishana naye. Hajapona, ndugu zangu. Hajaniita jina langu mpaka leo. Lakini kila asubuhi tunasali Baba Yetu pamoja, na kwa muda huo mfupi ninaisikia sauti ya mke wangu. Mimi niliyekuwa nimeacha kusali, sasa sikosi hata siku moja.

Kabla ya Krismasi ile nilikwenda kwa padri nikaungama. Nilimwambia sijui namna ya kumkaribia Mungu nikiwa nimechoka hivi. Akasema, "Nani amekuambia uende? Ni Majilio. Yeye ndiye anayekuja."

Nawashukuru, nyote mnaokuja Jumanne na Ijumaa ili nami nilale. Namshukuru yule mama jirani. Hata sasa yeye ndiye amekaa naye. Kwa anayeuguza mtu nyumbani nina neno moja: ukichoka, sema mapema. Mimi nilisubiri mpaka uchovu ukasema wenyewe, na ulimwambia mke wangu neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Uchovu bado ninao. Sitawadanganya kanisani. Na sasa ni saa ya kumgeuza, yule mama hana nguvu za kumwinua, na mimi leo mgongo umekataa. Nani anakuja nami?