Mercy Anasomea Mafuta Gani?

Jumamosi asubuhi, benchi la kahawa la Bondeni lilikuwa limejaa na hakuna aliyekuwa na haraka. Hebroni, mkulima wa kokoa, alikuwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Kesho yake, kanisani Ipyana, angesimama kutoa shukrani kwa binti yake Mercy kuhitimu chuo kikuu, na desturi ya pale ni mzazi kutaja kwa kinywa chake mtoto amesomea nini. Mchungaji hakumtisha, waliomtisha ni akina mama wa kwaya, ambao hucheka hata wakati wa sala. Akawasomea wenzake ujumbe wa simu.

— “Baba, nachunguza mafuta yanayounda ngozi ya seli. Yakipoa yanaganda, yakipata joto yanalegea. Nayachanganya na kolesteroli kwenye viputo nilivyotengeneza mwenyewe, naona yanavyobadilika.” Haya, kesho niseme nini?

— Hiyo rahisi, alisema Samsoni, aitwaye Mlima kwa kuwa kila siku hupandisha lori lake la Fuso mpaka Tukuyu, kwenye baridi ya milimani. Mawese hapa Kyela ni maji. Yafikishe Tukuyu alfajiri, chini yameganda, juu mepesi. Mtoto anasomea mawese.

— Na kolesteroli?

— Dawa ya kuzuia yasigande.

— Kumbe! Sylvester akadakia, yeye wanamwita Profesa kwa ajili ya miwani tu. Zahanati wamenikataza kolesteroli, kumbe wananinyima koti. Ukiwa nayo ya kutosha unalala kwenye baridi ya Kitulo bila blanketi.

— Acha uongo, alisema Mlima.

— Na joto la huku likizidi, hiyohiyo inakubana usiyeyuke. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

— Wahenga walikuwa wanaongelea shamba, Profesa.

— Shamba halina mafuta?

— Sasa hivyo viputo ni vya nini? aliuliza Hebroni.

— Watu, alisema Mlima. Anatengeneza watu, ameanzia ngozi. Mwakani anaweka mifupa.

Hebroni alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akajiona anayasema hayo mbele ya kwaya, kicheko kikamkauka.

Angetile, muuza ndizi wa Bujonde aliyepita kununua kahawa, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Mugonile, aliwasalimu kwa Kinyakyusa. Baba Mercy, yeye mwenyewe ulimwambia kwamba hujaelewa?

Miaka mitatu Hebroni alijibu kila ujumbe, “Sawa mwanangu, nimekuelewa,” akidhani kuuliza ni kumwaibisha mtoto. Ilimuuma. Akapiga simu palepale, spika wazi.

— Mercy, ujumbe wako wa jana sijauelewa. Wa juzi pia. Kusema kweli, tangu mwaka wa kwanza.

Binti akacheka, kicheko kirefu ambacho Hebroni hakuwa amekisikia tangu aondoke nyumbani.

— Baba, hata mimi mwaka wa kwanza sikuelewa. Una muda?

— Ninao, mwanangu. Mpaka kesho ibada ya saa tatu.