Kengele ya Ijumaa Saa Nne

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kengele, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto watatu. Mimi ninayesoma ni kitindamimba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, kisha akasomea umeme chuo cha ufundi. Darasani hakung'ara, wala hakuficha.

Mwaka 1984 aliajiriwa kiwanda cha nguo. Alipopewa kazi ya usalama, alipanga zoezi la moto kila Ijumaa saa nne asubuhi: kengele ikilia, kila mtu anaacha cherehani na kutoka. Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986. Kabla wageni hawajala, bwana harusi alisimama akawaonyesha milango ya kutokea. Shemeji, bibi harusi wake, akamvuta koti: "Kaa chini bwana, chakula kinapoa!"

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2013, saa nne na dakika tano, moto ukawaka kweli. Kengele ikalia. Mafundi wakamalizia mshono kwanza, wakatafuta mikoba, wakamtania: "Kengele, leo umechelewa!" Akapanda ghorofani kuwafukuza. Wengi walitoka. Ngazi ziliporomoka, naye akanasa ndani ya stoo ya vitambaa kwa saa kumi na moja, pamoja na fundi mmoja wa kike aliyefariki kabla hawajafikiwa.

Tangu hapo hakuweza kukaa chumba kilichofungwa. Alilala kitini sebuleni, mlango wazi, mvua ikiingia. Shemeji alitandika godoro pembeni yake miaka kumi na moja. Sisi tulimwambia yaliyopita si ndwele. Tulikosea sana, maana kwake hayakupita. Mshauri wa kituo cha afya ndiye aliyemsikiliza bila kumharakisha. Kaka alimwambia, "Ningekuwa nabadilisha siku ya zoezi, wangekimbia. Mimi ndiye niliyewazoesha." Baada ya miezi mingi aliweza kuoga mlango ukiwa umerudishwa nusu, nasi tukafurahi mno.

Aprili 2024 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Aliomba kitanda cha mlangoni. Wauguzi walinung'unika kidogo, wakampa. Tarehe 2 Septemba alinishika mkono.

"Mdogo wangu, nikifa msinifungie. Niahidi."

Nikasema, "Sawa, kaka."

Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yetu na mimi.

Ndugu zangu, leo asubuhi seremala aliniuliza nani wa familia atafunga jeneza. Tulizunguka, tukauliza kama linaweza kuachwa wazi. Haiwezekani. Basi nilichukua bisibisi nikafunga mwenyewe, skrubu zote sita, kwa sababu sikutaka afungiwe na mtu asiyemjua. Nilikuwa nikimwambia kila ninachofanya.

Kaka, nisamehe. Pumzika taratibu. Tuko hapa nje, wote, na hatuna haraka ya kuondoka.