Nyangumi wa Greenland

Benchi la Ceu Entin limeegemea ukuta wa kibanda chake cha kahawa, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko la Cihapit, mjini Bandung, na mguu wake mmoja umekalia tofali. Ukikaa vibaya unammwagia mwenzio kahawa. Hapo kila Alhamisi jioni, mvua inyeshe isinyeshe, huketi watu wazima wenye wake na kazi zao, wakitafuta jambo moja tu: wimbo wa roki ambao mwingine pale hajawahi kuusikia. Bendi zinazojaza viwanja hawana habari nazo. Wanataka bendi ya watu wanne waliorekodi gerejini huko Latvia, wimbo ambao hata mama zao wenyewe hawaujui. Ukiuleta, unataja nchi kwanza, kisha unaupiga kwenye spika iliyoning'inizwa msumarini. Ukikubalika, Profesa, mwenye neno la mwisho pale, husema, "Rudisha mwanzo." Ukikataliwa husema, "Si mbaya. Kaza buti." Hiyo ya pili ni sanda.

Jajang alishavishwa sanda hiyo. Mwaka jana alileta wimbo wake mwenyewe, akataja nchi bila kuficha: Indonesia, hapa hapa Bandung, chumbani kwangu. Hawakumfikisha hata kwenye kiitikio. Si mbaya, kaza buti, haya, nani ana kitu cha Peru? Basi Alhamisi iliyopita alileta mwingine, na alipoulizwa nchi, mdomo ukatangulia akili. "Greenland," alisema. "Bendi inaitwa Tikkarik." Profesa alisema rudisha mwanzo mpaka spika ikaishiwa chaji. Siku ile Jajang hakulala kwa furaha. Tangu kesho yake halali kwa hofu.

Kwa sababu benchi lina sheria yake. Hendra aliwahi kuleta wimbo wa Chile ulioimbwa na binamu yake wa Cimahi. Mpaka leo Hendra anakunywa kahawa kasimama ng'ambo ya uchochoro, na hakuna anayempitishia sukari. Yuko pale hata jioni hii, kajibanza ukutani na glasi yake.

"Jajang," alisema Profesa, "weka Greenland."

Profesa jina lake Kang Engkos, yaani Kaka Engkos. Kazi yake ni kuchapa picha kwenye fulana, ila sentensi haimtoki bila "kimsingi", ndipo cheo kikamwangukia.

"Kang, si tuanze na ule wa mwenzetu Pasipoti? Wa Moldova?"

"Moldova ikae!" Huyo ni Bang Togar, Mbatak, mtu wa Sumatra, anayeitwa Amplifaya, na haihitaji kuelezwa kwa nini. "Wiki nzima nimeosha magari kichwani nina Greenland. Weka!"

Jajang akaweka. Watu walikuwa wameshatoka kuswali magharibi, na huo ndio wakati Mang Oyo huanza kusukuma mkokoteni wake wa putu, vile vikeki vya mchele vyenye sukari guru ndani, vinavyoiva kwa mvuke kwenye vipande vya mwanzi. Mvuke wa Mang Oyo hutokea kwenye kitundu cha bati na kupiga mluzi mwembamba usiokatika. Mwezi uliopita mluzi huo ulipita chini ya dirisha la Jajang akiwa katikati ya kurekodi, ukaingia kwenye wimbo ukakaa. Alijaribu tena na tena bila huo mluzi, lakini wimbo haukutaka kusimama. Ule wenye mluzi ndio pekee uliokuwa hai.

Akapiga hesabu. Wimbo ukiisha mapema, na mtu asirudishe mwanzo, atamponyoka Mang Oyo. Gitaa likatulia. Ule mluzi ukaingia.

Profesa: Hapo! Sikilizeni hapo! Kimsingi hicho si chombo. Huo ni upepo unaopita kwenye ufa wa barafu.

Amplifaya: Upepo gani unashika noti, Kang? Upepo hauna adabu hiyo. Huyo ni nyangumi. Jike. Tena kafiwa.

Pasipoti: Inawezekana kabisa. Pale Nuuk bahari iko mlangoni. Unafungua dirisha tu, nyangumi kaingia kwenye wimbo.

Pasipoti, yaani Ipung fundi saa, hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa, lakini taja nchi yoyote akupe mji mkuu na hali ya hewa.

Jajang: Labda ni kitu cha kawaida tu, jamani. Birika, kwa mfano.

Amplifaya: Birika! Oya, watu wanatafuta roho ya dunia, we unawaza chai!

Profesa: Muache. Asiyejua maana haambiwi maana. Na ngoma mmeisikia inavyochelewa?

Pasipoti: Makusudi hiyo. Mwenda pole hajikwai. Kule barafu inateleza, hata mpiga ngoma anatembea kwa tahadhari.

Ngoma ilichelewa kwa sababu Jajang alikuwa anapiga ndoo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Akanywa kahawa asionekane uso. Akatega sikio kwenye kona ya uchochoro. Bado kimya.

Amplifaya: Mimi nawaambia, nyangumi huyo wamemfuga. Mpiga ngoma anamrushia samaki, naye anaitikia. Haba na haba hujaza kibaba.

Pasipoti: Na ubeti wa mwisho ule wa huzuni?

Amplifaya: Wamemla.

Pasipoti: Mungu wangu!

Amplifaya: Utafanyaje, kule hakuna hata mboga ya kangkung! Wamemla, wakalia, wakaimba. Ndiyo maana hawana picha popote. Wanaona aibu.

Profesa: Ninyi mnaishia kwenye nyangumi, hamjafika kwenye lugha. "Nuwe, nuwe, la sonari." Kimsingi hiyo ni lugha inayokufa. Wamebaki wasemaji wanne duniani, na wote wamo kwenye bendi.

Pasipoti: "Nuwe" ni bibi.

Profesa: Unaona? Wanamuaga bibi.

"Nuwe" haikuwa kitu. Jajang aliijaza pale akingoja maneno ya kweli yamjie, na hayakuja. Lakini bibi yake alifariki mwezi ule alipoutunga wimbo, jambo ambalo hakumwambia mtu. Walikuwa wamemsikia, watu hawa, wamemsikia kuliko alivyojisikia mwenyewe, na sifa zote zilikuwa zinapanda ndege kwenda kwenye barafu.

"Kesho redioni ninafungua nao kipindi," alisema Profesa. Ana nusu saa yake kwenye redio ya mtaa, na anaiheshimu kama ibada. "Uvumbuzi wa mwaka. Nitasema wazi: vijana wetu wa hapa hata wakae miaka mia chumbani na magitaa yao, hiki hawakitoi."

Jajang aliumia na kufurahi kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilimchoma mahali pamoja. Ukishatangazwa hivyo, wimbo si wake tena mpaka kufa. Akimwambia sasa, kesho anakunywa kahawa bega kwa bega na Hendra.

"Kang," alisema, "kabla hujautangaza..."

"Nini?"

"Hao watu wa Tikkarik. Ingefaa tu..."

"Sema, mdogo wangu. Kwani umewasiliana nao?"

Jajang hakuwahi kujibu, kwani kutoka kona ya uchochoro ulikuja mluzi. Mwembamba, usiokatika.

"Nizime?" Jajang aliinuka hata benchi likayumba. "Nazima, chaji inaisha."

"Thubutu!" alinguruma Amplifaya, akamshika bega kumkalisha. "Rudisha mwanzo kwanza. Tena ongeza."

Wimbo ukaanza upya, na mkokoteni ukaja polepole, taa yake ikitikisika, nyuma yake mwanamke kabeba sahani. Alikuwa Teh Imas, mdogo wake Ceu Entin, aliyefika juzi kutoka Garut kumsaidia dada yake kibandani. Mang Oyo akasimama mbele ya benchi hasa. Jajang akafumba macho. Gitaa kwenye spika likatulia, na mluzi wa wimbo ukakutana na mluzi wa mkokoteni, noti moja, hata wembe usingepita katikati.

Akangoja. Akafumbua jicho moja. Wote watatu walikuwa wameinamia spika wamekunja nyuso. Mang Oyo wamemsikia kila jioni kwa miaka mingi, na masikio yao yalishamtupa zamani pamoja na mvua na pikipiki.

"Mang Oyo!" alipayuka Amplifaya. "Hebu ziba hiyo filimbi yako, bwana! Tunasikiliza nyangumi!"

Mang Oyo amewazoea. Akachukua tambara, akaziba kitundu. Mvuke ukaanza kuponyoka pembeni bila sauti. Kwenye spika, nyangumi aliendelea kulia.

Teh Imas akatazama mkokoteni, akatazama spika.

"Samahani, kaka zangu," alisema. "Mbona amezima na bado inalia?"

Amplifaya akasogeza sikio kwenye spika, kisha kwenye mkokoteni. Pasipoti akaangalia juu, labda kutafuta upande wa Greenland. Profesa aliinuka, akaenda hadi mkokotenini, akatoa tambara. Mluzi. Akaziba. Mluzi, kutoka kwenye spika ya msumarini. Akatoa tena, akaziba tena, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa, mpaka wimbo ukaisha.

Wakamgeukia Jajang. Ng'ambo, Hendra akasogea hatua moja ukutani, akampisha mwenzake nafasi ya kusimama.

"Dirisha langu linaangalia njia yake," alisema Jajang. "Nilirekodi bila yeye pia. Haukutoka, Kang."

"Na bibi?" aliuliza Pasipoti kwa sauti ndogo.

"Bibi ni kweli. Wangu."

Ceu Entin alipita akikusanya glasi. Kahawa imeisha, alisema, kama mna la kusema lisemeni kavu kavu.

"Si..." alianza Profesa, na Jajang akainamisha kichwa kuipokea sanda. Neno la pili halikuja. Profesa alirudi kukaa, benchi likalala upande wake, akaitazama mikono yake yenye rangi za fulana.

"Rudisha mwanzo," alisema.

Jajang hakuwa na hakika amesikia sawa. Kidole chake kilikosa kitufe mara ya kwanza.

"Na wewe, Mang Oyo," alisema Profesa, "toa hilo tambara."